Nyoka Hachaguliwi Julai, Anachaguliwa Januari

Kuna mama mmoja Mtanzania, mzaliwa wa Tanga, anayeishi jimbo la Minnesota kule Marekani, mwaka wa 12 sasa. Anafanya kazi ya kutunza wazee, shifti ya usiku. Ana mtoto mmoja tu wa kiume, miaka 13. Yeye na baba wa mtoto waliachana, na baba akahamia Houston, Texas. Hawagombani, lakini pia hawapigiani simu bila sababu.

Julai moja yule baba alikuja na gari kutoka Houston, safari ya karibu kilomita 1,900, kumletea mwanaye zawadi ya kuzaliwa. Mama alidhani ni viatu au baiskeli. Kilichoshushwa kwenye gari kilikuwa tanki la kioo limefunikwa shuka.

"Fungua taratibu," baba akasema.

Ndani kulikuwa na chatu.

Si lile dude la porini kwetu linalomeza swala, hapana. Huyu ni chatu mdogo wa Afrika Magharibi na Kati, ambaye porini anapatikana kuanzia Senegal mpaka Uganda. Akiogopa, badala ya kuuma anajikunja kama mpira na kuficha kichwa katikati, ndo maana Wamarekani wakamwita chatu mpira. Wengi wanaishia mita moja na kidogo. Hana sumu, ni mpole, na ni kati ya nyoka wanaofugwa sana majumbani kule.

Hayo yote mama hakuyajua siku hiyo. Alichofanya ni kurudi nyuma mpaka mgongo ukagota kwenye friji.

"Mama, huyu hana sumu," mtoto akamwambia.

"Hana sumu ana nini sasa? Ana asali?"

Lakini alimwangalia mwanaye usoni akanyamaza. Mtoto alikuwa anacheka. Tangu baba yake aondoke, yule kijana alikuwa mtu wa chumbani na simu, akiulizwa jambo anajibu neno moja. Siku ile alikuwa anaongea mwenyewe, sentensi juu ya sentensi, tena kwa Kiswahili. Na wazazi wanaolea wenyewe wanaijua hii: ukiwa mzazi wa kila siku, wewe ndo wa "oga", "zima simu", "umefanya kazi ya shule?" Mzazi wa likizo ndo wa zawadi. Mama akaona akikataa, atakuwa yule yule wa kukataa kila siku.

Akakubali kwa masharti. Kwanza amuulize mwenye nyumba, maana mkataba wa kupanga una neno lake juu ya wanyama, na miji ya kule kila mmoja una sheria zake za nyoka. Majibu yakaja kwa maandishi kwamba nyoka asiye na sumu anaruhusiwa. Pili, tanki linafungwa kwa kufuli. Tatu, ukimshika nyoka unanawa mikono kwa sabuni kabla hujagusa kitu kingine, kwa sababu nyoka akiwa mzima kabisa anaweza kubeba bakteria wa salmonela. Nne, panya wake wa kugandishwa wanakaa kwenye friza ndani ya kopo lenye mfuniko, limeandikwa kwa kalamu nyekundu: SI NYAMA YETU.

Mtoto akampa nyoka jina. Bosi.

Na kusema ukweli, miezi ile mitatu ilikwenda vizuri. Watu wanadhani Minnesota ni barafu mwaka mzima, kumbe Julai na Agosti kuna joto na hewa ina unyevu wa kutosha, mtu wa Tanga anaweza kujisahau. Bosi alikula bila shida. Alivua gamba mara moja, likatoka zima kama soksi, mtoto akalibandika ukutani na kulipima kwa rula. Wageni wa kanisani walikuja, wakachungulia mlangoni, wakaombea nyumba, wakala wali wakaondoka. Mama mwenyewe akafika mahali pa kuweza kupita mbele ya tanki bila kukimbia.

Tatizo ni kwamba nyumba waliyokuwa nayo Julai haikuwa nyumba waliyokuwa nayo Novemba.

Aliyewahi kuishi nchi ya baridi anajua. Nje kunashuka nyuzi 10 chini ya sifuri, halafu 20, na ndani hita inanguruma usiku na mchana. Hewa ya nje ikiwa baridi sana inabeba maji kidogo mno. Hewa hiyo ikiingia ndani ikapashwa joto, inakuwa kavu kama jangwa. Midomo inapasuka. Visigino vinafunguka mtu anatembea kwa uchungu. Mtoto alikuwa anatoka damu puani karibu kila wiki. Mama alikuwa na kopo la mafuta ya mgando kila chumba, na moja kwenye mkoba.

Bosi yeye hakuwa na wa kumpaka mafuta.

Kwanza aligoma kula. Mtoto akasoma mtandaoni kwamba chatu mpira wana tabia ya kususa chakula wiki kadhaa, hata miezi, na ni kweli. Wakatulia. Halafu akavua gamba, safari hii likatoka vipande vipande, kama rangi ya ukuta uliolowa. Kwenye jicho la kushoto kukabaki utando. Mama alisimama pale akaangalia ile ngozi inavyoning'inia, kisha akaangalia mikono yake mwenyewe ilivyopauka na kupasuka vifundoni. Hakusema kitu, lakini siku hiyo ndo mara ya kwanza alimwonea huruma.

Desemba, asubuhi moja saa moja, anarudi kutoka shifti, alipita mlango wa chumba cha mtoto akasikia mluzi. Mluzi mwembamba, unakuja unakatika. Mtu mwingine angepita. Huyu mama kazi yake ni kukaa usiku kucha na wazee, anasikiliza vifua. Alijua ile ni sauti ya kifua kilichoingia maji. Akawasha taa. Bosi ameinua kichwa juu, mdomo wazi kidogo, pembeni kuna vipovu.

Alimwamsha mtoto. "Vaa. Tunaenda hospitali."

"Unaumwa, Mama?"

"Bosi anaumwa."

Daktari wa wanyama waliyempata, mwenye ujuzi wa nyoka na mijusi, aliwashangaza kwa maswali yake. Kuhusu nyoka aliuliza kidogo tu. Mengi yalihusu nyumba. Usiku mnaacha joto nyuzi ngapi? Tanki lina mfuniko gani? Mnampasha kwa taa au kwa mkeka? Unyevu mmepima na nini?

Mama akajibu kila swali huku akijiona kama yuko mahakamani. Joto la usiku: akitoka kwenda kazini alikuwa analishusha mpaka nyuzi 17 kuokoa bili, mtoto anajifunika mablanketi mawili. Mfuniko: wavu. Cha kupashia: taa nyekundu iliyokuja na zawadi. Unyevu: hawajawahi kupima.

Daktari hakuwagombeza. Aliwaeleza taratibu. Blanketi linasaidia mtoto kwa sababu mwili wa mtoto unatengeneza joto na blanketi linalizuia lisitoke. Mwili wa nyoka hautengenezi joto lake namna hiyo. Ukimfunika nyoka aliyepoa, umefunika baridi. Akipoa chakula hakisagiki tumboni, na kinga ya mwili inalegea. Huyu chatu anahitaji upande mmoja wa tanki uwe nyuzi 31 hadi 33, upande wa pili 25 hadi 27, ili achague mwenyewe aende wapi. Unyevu asilimia 55 hadi 65, na zaidi kidogo akikaribia kuvua gamba. Porini anashinda ndani ya mashimo ya panya na vichuguu, mahali penye joto na pasipokauka, hata kama nje ni kiangazi.

Kisha akaweka kipimo chake mezani, akawaonyesha picha aliyompiga mtoto nyumbani kwa simu asubuhi ile baada ya kuazima kipimo cha jirani. Unyevu: asilimia 18.

"Taa juu, wavu juu," daktari akasema, "ni kama bomba la moshi. Unyevu wote unapanda na kutoka."

Halafu akasema neno ambalo mama hakulisahau. Kwamba nyoka hana kosa, na nyumba haina kosa, ila ni vitu viwili visivyofaa kukutana bila maandalizi makubwa. "Huyu angeishi kirahisi zaidi mahali kama Houston."

Mtoto alikuwa dirishani wakati huo, anaangalia theluji. Mama akaomba Mungu asiwe amesikia.

Maana hapo ndo palipokuwa na kidonda. Baba naye, alipopigiwa simu, alisema hivyo hivyo, tena kwa nia njema. "Nimrudishe tu huku. Huku hewa ina maji, hata sihangaiki." Mama akamjibu kwa ukali, "Hapana," akakata simu. Akilini mwake hesabu ilikuwa nyepesi. Bosi akirudi Houston, mtoto atataka kumfuata. Kwanza likizo, halafu muhula mmoja, halafu basi. Yeye atabaki na apatimenti, hita na bili.

Kwa hiyo akaamua kuijenga Houston ndani ya boksi.

Wakanunua tanki la plastiki nene lililofunikwa juu, lenye matundu machache pembeni. Wakanunua paneli ya joto na kidhibiti cha kuiwasha na kuizima yenyewe, kwa sababu kifaa cha joto kisicho na kidhibiti kinamuunguza nyoka, na yale mawe ya umeme yanayouzwa madukani ndo mabaya zaidi. Vipima joto viwili, kimoja kila upande. Bakuli kubwa la maji. Maganda ya miti chini, yanayoshika maji bila kuota ukungu haraka. Boksi dogo lenye unyevu la kujificha akitaka kuvua gamba. Mashine ya kutoa mvuke chumbani. Na sindano za dawa, kila baada ya siku kadhaa, wiki mbili tatu.

Hela iliyotoka mwezi ule ilikuwa hela ya watu. Bibi kule Tanga, ambaye hutumiwa ya dawa za presha na matumizi, alipata nusu. Akapiga simu.

"Mwanangu, kuna shida huko?"

"Kuna mgonjwa, Mama."

"Mjukuu wangu?"

"Hapana. Nyoka."

Simu ilinyamaza mpaka mama akadhani mtandao umekata. Kisha Bibi akasema, "Nyoka. Ndani ya nyumba. Mnamtibu." Akaguna. "Haya. Mmeshamchukua, mmechukua na maradhi yake. Lakini mwambie aliyemleta na yeye alipe."

Baba alilipa nusu. Hilo liandikwe.

Bosi alipona. Kufika Februari mluzi umeisha, amekula panya wawili, jicho limesafika. Mtu angesema hadithi imeisha vizuri. Lakini mama alianza kuona vitu vingine. Mwalimu alipiga simu kwamba kijana anasinzia darasani. Alama za hesabu zimeshuka. Kwenye meza ya kitandani akakuta daftari: tarehe, saa, joto, unyevu. Saa 3 usiku. Saa 6. Saa 9. Kila usiku, wiki tisa. Mtoto alikuwa anaweka alamu na kuamka kuangalia vipimo wakati mama yuko kazini.

Halafu umeme ukakatika. Usiku mmoja wa mwisho wa Februari, nje nyuzi 24 chini ya sifuri, mtaa mzima giza saa tano mfululizo. Jirani yao Mkenya, mama wa watu wanayemwachia mtoto usiku, alimchukua kijana kwenda kwake kwenye gari liwashwe hita. Kijana akakataa kutoka bila Bosi. Mama aliporudi asubuhi aliwakuta kwa jirani, umeme umesharudi, mtoto amelala kwenye kochi na koti, kofia na soksi mbili mbili. Akafungua zipu ya koti ili apumue. Chatu alikuwa amejikunja tumboni kwa mtoto, juu ya fulana, ametulia.

Yule mama aliyerudi nyuma mpaka friji, siku hiyo hakurudi nyuma. Alikaa chini sakafuni akawaangalia wote wawili. Akili ikamjia kwamba mtoto wa miaka 13 anabeba kwa mwili wake kosa la watu wazima wawili. Mmoja alileta mnyama bila kuuliza winta ya huku ikoje. Mwingine alikataa kumrudisha kwa sababu zisizohusu mnyama.

Jioni yake akamweka mtoto mezani.

"Daktari alisema Bosi angekuwa na raha zaidi Houston. Sikukwambia."

"Najua, Mama. Nilisikia."

"Ulisikia? Mbona hukusema?"

Mtoto akakuna meza kwa kucha. "Nilijua ungedhani nataka kuhama."

"Unataka?"

"Hapana. Nataka Bosi asiumwe. Na nataka kulala."

Wakacheka wote, na mama akalia kidogo, akasema ni hewa kavu.

Aprili, barabara zilipokuwa salama na hali imepoa ukali, baba alikuja. Bosi alisafiri ndani ya foronya iliyofungwa vizuri, foronya ndani ya boksi la foamu lenye matundu. Baba aliomba msamaha, si kwa maneno mengi. Alisema, "Nilimnunua kwa kuangalia nyumba yangu." Hiyo ilitosha.

Sasa hapa ndo wanaotaka kufuga wafungue masikio, maana nyumba ile iliamua kuchagua upya, na safari hii walichagua kama watu wenye akili.

Hawakuanza na nyoka mzuri dukani. Walianza na lile daftari. Mtoto alitoa wastani wa Januari, mwezi mbaya kuliko yote: chumbani mchana nyuzi 20, usiku 17, unyevu kati ya asilimia 18 na 25. Akaandika kwenye karatasi, akabandika kwenye friji. Akaongeza mistari mitatu ya mama: asiwe mkubwa, asile bili, na umeme ukikatika tuweze kumhifadhi bila mtu kukosa usingizi. Mnyama atakayefaa kwa karatasi ile, ndo huyo.

Chatu mpira akatoka. Si mnyama mbaya. Kwa nyumba ya pwani yenye joto na unyevu wake wa asili ana nusu ya anachohitaji tayari.

Akaja nyoka wa mahindi, mwenyeji wa kusini mashariki mwa Marekani, aliyezoeleka kwenye maghala ya mahindi akifuata panya. Huyu alikaribia sana kushinda. Anatosheka na nyuzi 29 hadi 31 upande wa joto na 22 hadi 24 upande wa baridi, unyevu asilimia 40 hadi 50, na kwao kuna majira ya baridi, kwa hiyo ubaridi wa muda mfupi haumtishi sana. Kwa mtu anayeanza, wengi wanampendekeza yeye. Mama alimkataa kwa mambo mawili: anaweza kufika mita moja na nusu, na ni fundi wa kutoroka. "Nyoka wa kutafutwa chini ya kochi simtaki," akasema.

Wa tatu ndo aliyewafanya waangaliane. Nyoka mdogo, mnene, mwenye mabaka ya rangi ya chungwa na kahawia, macho yamekaa juu karibu na utosi ili achungulie akiwa amejizika. Anaishi ndani ya mchanga, nchi kavu za Afrika Mashariki na Kaskazini Mashariki, kutoka Misri na Sudan kushuka Ethiopia, Somalia, Kenya mpaka kaskazini ya Tanzania. Marekani wanamuuza kwa jina la nyoka wa mchanga wa Kenya. Hana sumu. Dume haliendi mbali zaidi ya sentimita 40 na kitu. Jike ndo linafika 60, 70. Anataka sehemu moja iwe moto, nyuzi 32 hadi 35, nyingine 24 hadi 27, na hewa kavu, asilimia 30 hadi 40 inamtosha. Tanki dogo, mkeka wa joto mdogo wenye kidhibiti, bakuli dogo la maji. Ile hewa iliyokaribia kumuua Bosi, kwa huyu ni kama nyumbani, unaongezea maji kidogo tu mambo yanaenda.

Wakanunua dume, mtoto wa kufugwa, aliyezaliwa hapo hapo Marekani. Muuzaji alipowaambia hivyo, kijana alicheka.

"Kwa hiyo ni wa Kenya lakini hajawahi kufika Kenya."

"Ndiyo."

"Kama mimi na Tanga."

Wakamwita Karanga.

Ana kasoro yake, isifichwe: haonekani. Ukitaka nyoka wa kuonyesha wageni, huyu atakutia aibu. Unaita watu, wanakuta sanduku la mchanga. Na joto lake bado ni lazima. Nyoka wa nchi kavu si nyoka wa kuachwa kwenye chumba cha nyuzi 17. Akiwa mchanga anatulia, lakini mkono wa juu ukimshtukia anaweza kurusha kichwa pembeni, kwa hiyo anachotwa kutoka chini, taratibu.

Mjomba wa Tanga aliposikia habari akataka kusaidia. "Dada, si mngesema? Huku ningemkamatia mwingine hata kesho." Mama akamkatisha. Nyoka wa porini ni mali ya sheria. Tanzania na Kenya zote, kushika au kufuga mnyamapori kunahitaji kibali, na kumsafirisha nje ni kesi nyingine kubwa zaidi. Tena wa porini wanakuja na minyoo na kupe, na mtu asiyejua anaweza kudhani ameokota mpole kumbe ameokota kifutu. "Mwache huko alipo," akamwambia mdogo wake. "Na kama kuna mtu hapo Tanga au Njombe anataka kufuga kwa kibali, mwambie apime nyumba yake kwanza. Njombe Julai na Tanga Februari si dunia moja, ingawa bendera ni moja."

Juni shule zilifunga. Kijana akaenda Houston wiki sita, kwa baba yake, kwa Bosi. Mama alimsindikiza uwanja wa ndege akarudi nyumbani kwenye ukimya wake aliokuwa anauogopa. Hakufika hata kuvua viatu, simu ikaita.

"Mama, umemwekea Karanga maji?"

"Naweka sasa hivi."

"Bakuli liwe dogo, usijaze sana. Na angalia kipimo upande wa joto."

Kila jioni simu ilikuwa hiyo hiyo, na kila jioni mama alituma picha: mchanga mtupu. Siku ya tisa akatuma picha yenye vidoti viwili vidogo vyeusi juu ya mchanga. Macho. Mtoto akajibu kwa sauti, anapiga kelele za furaha, nyuma anasikika baba yake akiuliza kuna nini.

Wiki ya nne mtoto alimwambia kwamba Bosi ameongezeka uzito, amevua gamba zima, anang'aa. Mama aliuliza swali alilokuwa amelimeza mwezi mzima.

"Na wewe je? Huko hewa imekukubali?"

Kijana alifikiri kidogo. "Joto sana, Mama. Nafurahi kuwa na Baba. Lakini Agosti nakuja. Karanga atanisahau."

Nyoka wa mchanga hajui kusahau wala kukumbuka namna hiyo, na mama alishasoma vya kutosha kulijua hilo. Hakumsahihisha. Alikwenda jikoni akatoa kopo la SI NYAMA YETU, akaacha panya mmoja mdogo ayeyuke, akachukua koleo refu. Alifumba jicho moja, mkono ukitetemeka, akashusha. Mchanga ukafunguka, kichwa kidogo kikachomoka, panya akaondoka.

"Bismillah," akasema Mkristo yule wa Tanga, maana ndo neno lililotoka. Akafunga kufuli, akanawa mikono kwa sabuni, akaandika kwenye daftari: tarehe, saa, joto, unyevu, amekula.

Je, wewe nyumba yako mwezi wake mbaya ni upi, na umewahi kuupima?